Milango Minne kwa Vifaa vya Bei Moja

Mume wangu alipoondoka alibeba sanduku lote la vifaa. Nguo aliacha nusu. Viatu vyake vya harusini aliacha, na picha yetu ukutani aliacha. Lakini sanduku la vifaa hakusahau hata msumari uliopinda. Mahali lilipokuwa limekaa bandani pakabaki mraba msafi katikati ya vumbi la mbao. Niliutazama mraba ule siku tatu kabla ya kuufagia.

Kitu kimoja alikiacha, ufito wangu. Ni ubao mwembamba, mrefu kunizidi kidogo, ninaopimia. Mimi darasa la pili sikulimaliza. Namba nazijua, lakini vile vijistari vidogo vya kwenye tepu havijawahi kunikaa kichwani vyema. Kwa hiyo nausimamisha ufito kwenye fremu, naweka alama ya penseli, naulaza juu ya mbao, nakata. Yeye aliuita "fimbo ya mama". Hakuuchukua kwa sababu machoni pake haukuwa kifaa.

Tulitengeneza milango miaka ishirini na mmoja. Watu walimwita Fundi, na mimi wakaniita mke wa Fundi. Nani alipiga randa? Mimi. Nani alichimba nafasi ya bawaba kwa patasi mpaka bawaba ikalala kama imezaliwa hapo? Mimi. Yeye alikuwa mzuri wa kupima, kukata, na kuongea na wenye nyumba. Alipohamia kwa yule mwanamke muuza rangi, wateja walimwuliza, "Na mama je, ataendelea na kazi?" Akacheka. "Yule? Alikuwa ananishikia ubao tu."

Neno hilo lililetwa kwangu na watu watano, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja akidhani yeye ndiye wa kwanza.

Banda letu la kazi liko nyuma ya nyumba ya Mama Mwenye Nyumba, mjane mnene asiyependa maneno mengi ya mtu mwingine. Jumatatu moja alinikuta nimekaa juu ya kigogo, mikono mapajani.

"Mumeo amekuja jana," akasema. "Analitaka banda. Anasema wewe huna kazi nalo."

"Si mume wangu tena."

"Hayo ni yenu. Mimi nataka kujua, wewe unaweza kutengeneza mlango au huwezi?"

"Naweza."

"Kwa kutumia nini? Kwa meno?" Akaangalia kuta tupu. "Sikiliza, dada. Vile vyumba vinne vya nyuma, wapangaji wanaingia Jumamosi mchana. Mbao zipo, bawaba zipo, vitasa vipo. Milango minne ikifunga bila kukwaruza sakafu, banda ni lako, na yeye asikanyage tena hapa. Isipofunga, nampa yeye. Mimi sina upande. Nina vyumba."

Bila banda lile nisingekuwa na pa kufanyia kazi, na kazi nyingine sijui. Nikasema sawa.

Fundi mwenzio hakuazimi vifaa. Anaweza kukuazima hela, shati, hata godoro, ila patasi yake hakupi. Nikaenda duka la bei moja, lile la barabarani lenye ndoo, saa za ukutani na maua ya plastiki. Upande wa ndani kabisa, baada ya vikombe, kuna ukuta mzima wa vifaa vya ufundi vimening'inia vikiwa vipya, vinang'aa kama meno ya bandia.

Mtu akikwambia vya bei rahisi vyote ni takataka, huyo ana hela. Akikwambia vyote ni sawa tu, huyo hajawahi kufanya kazi. Ukweli ni kwamba lazima ukae navyo, uvishike, uvinuse, uviaibishe mbele ya mwenye duka. Nilianza na pimamaji. Nikailaza juu ya rafu, nikatazama kipovu kiliposimama, kisha nikaigeuza, ncha ya kulia ikaja kushoto, palepale. Kipovu kikikaa mahali palepale, pimamaji ni mkweli. Kikihama, ni mwongo. Ya kwanza ilihama. Ya pili ikahama. Binti wa dukani akaja.

"Mama, unatafuta nini hapo? Zote ni sawa."

"Zote si sawa, mwanangu. Hii inasema rafu yenu imelala. Hii inasema imesimama. Nani nimwamini?"

"Rafu yenyewe imepinda, mama."

"Ndiyo maana nazigeuza."

Ya sita ilikuwa mkweli. Binti akaishika, akaigeuza mwenyewe mara mbili, akashangaa. "Kumbe! Na waume nao mnawajaribu hivyo?"

"Tungekuwa tunajua, mwanangu, nisingekuwa hapa."

Akacheka sana. Mimi pia nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba nilikuwa sijacheka tangu aondoke.

Nikachukua msumeno, nyundo, bisibisi, patasi moja pana, randa ndogo, tepu, msasa na penseli mbili. Kulikuwa na spana malaya pia, ile ya kurekebisha inayoingia kila nati. Niliikaza, nikaitikisa, taya likalegea lenyewe. Nikairudisha ukutani. Aina hiyo nimeshaishi nayo.

Jumanne nilianza mlango wa kwanza. Jirani wa banda ni mchomeleaji wa vyuma, mtu wa maneno, miwani yake myeusi imekaa kichwani kama macho ya akiba. Akaja kusimama mlangoni.

"Shemeji, nimesikia wamekuachia kuta. Lakini usijali. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Na likibebwa?"

"Eh?"

"Koleo. Halikuvunjika, limebebwa pamoja na nyundo na fuawe. Huo nao si mwisho?"

Akajikuna. "Wahenga hawakufika huko, shemeji."

Wakati huohuo kichwa cha nyundo kiliruka. Nilikuwa nimepiga misumari saba tu. Kilipita karibu na sikio lake, kikagonga bati. Akainama, akaniangalia, akaondoka bila kuaga. Kwa hiyo nyundo ya mpini wa mbao ya duka lile usinunue. Nilirudi, nikachukua ile iliyo chuma kipande kimoja kutoka kichwani hadi mkiani, yenye mpira wa kushikia. Hiyo ninayo mpaka leo, mpira ndio umechakaa.

Bisibisi ilinisaliti kwenye bawaba ya pili. Ncha yake ilijikunja kama ukucha uliolowa maji, skrubu ikabaki imekaa palepale ikinitazama. Randa ilikuwa imepinda tumbo, inachimba pembeni na kuacha katikati. Msasa ulimwaga mchanga wake wote kwenye mbao ya kwanza, nikabaki nasugua kwa karatasi. Hivi vitatu nasema bila huruma: acha vilipo. Bisibisi nzuri nililazimika kuitafuta kwa muuza vyuma chakavu, kuukuu, ina jina la mtu limechongwa kwenye mpini. Sijui ni nani. Namshukuru.

Lakini msumeno! Ulikula mbao kama una njaa. Ule meno yake hayanolewi tena, ukiisha makali umekwisha, lakini milango minne umenikatia bila kulalamika. Na patasi, ambayo sikuitegemea, chuma chake ni laini, kwa hiyo inabutuka upesi, ila inanoleka upesi pia. Niliiwekea jiwe la kunolea pembeni: bawaba moja, noa, bawaba moja, noa. Ni kama mtu mpole, ukijua udhaifu wake mtakaa miaka.

Jumanne jioni mlango wa kwanza ulikuwa tayari. Kuutundika ndiko kulinikumbusha hali yangu. Mlango hutundikwa na watu wawili. Mmoja anauinua na kuushika, mwingine anafunga skrubu. Mimi nilichonga kabari mbili, nikazisukuma chini kwa kidole cha mguu, mlango ukapanda unywele kwa unywele mpaka bawaba zikakutana. Bega likauzuia, mkono ukakaza. Ulisimama. Hakuna aliyeona.

Na mlango ukishasimama hujaribiwa na watu wawili vilevile. Mmoja anafunga kwa ndani, anaweka kiganja kwenye mbao. Mwingine anabisha mara tatu kutoka nje. Kitasa kikicheza, wa ndani anakisikia kiganjani. Yeye na mimi tulifanya hivyo kwa kila mlango miaka yote ile, yeye ndani, mimi nje. Nikibisha anauliza, "Nani?" Nami najibu, "Mwizi!" Naye, "Pita, hatuna kitu." Upuuzi tu. Tulianza siku ya mlango wetu wa kwanza, tukiwa kweli hatuna kitu.

Jumanne ile nilibisha kwa nje, kisha nikazunguka kutazama kwa dirishani kama kitasa kimesogea. Kilikuwa kimetulia. Nikaenda kulala.

Jumatano mlango wa pili ulitoka vizuri kuliko wa kwanza. Ndipo kiburi kikaniingia. Mchomeleaji alipita akaniona na ufito wangu, akasema, "Shemeji, mafundi siku hizi wanapima kwa tepu, wewe bado unapima kwa fimbo kama unachunga mbuzi?" Alikuwa anatania. Lakini mimi nilisikia sauti ya mtu mwingine. Nilisikia "ananishikia ubao tu." Nikasema moyoni, Alhamisi nitapima kwa tepu kama fundi mwenyewe.

Hapa lazima nieleze kitu cha bandani kwetu. Tepu yetu ya zamani ilikatika mwanzoni, miaka mingi iliyopita, sentimita za kwanza zikapotea. Kununua nyingine hatukununua. Tukazoea kuanzia kumi. Yaani kila alichopima, mimi nilishika mwanzo, nikaweka namba kumi ukingoni, yeye akasoma mwisho na kutoa kumi kichwani. "Anzia kumi!" ndiyo ilikuwa salamu yake ya asubuhi. Kidole gumba changu cha kushoto kiliishi kwenye kumi miaka kumi na mitano.

Alhamisi nikaichukua tepu mpya. Fremu niliipima kwa kuingiza ile ndoana ya mwanzo juu kabisa, maana tepu mpya inayo ndoana, ikashika yenyewe. Nikasoma polepole, mstari kwa mstari: mia mbili. Sawasawa. Kisha nikazilaza mbao, na hapo ndoana haikushika vizuri kwenye ncha zilizochongeka. Kwa hiyo kidole gumba kikaingia kazini chenyewe. Kikaenda kwenye kumi. Nikavuta hadi mia mbili, nikaweka alama. Nikakata mbao zote za mlango wa tatu. Na kwa kuwa nilikuwa nimechangamka, nikakata na za mlango wa nne.

Niliposimamisha mlango wa tatu kwenye fremu, niliona sakafu ya ndani. Niliona hadi ukuta wa nyuma. Nafasi ya paka kupita bila kuinamisha masikio.

Nilikaa chini. Tepu ile nataka niiseme wazi, haikuwa na kosa. Nimeilinganisha na ya mchomeleaji, zinakubaliana hadi mstari wa mwisho. Katika vyote vya duka la bei moja, tepu nunua. Kosa lilikuwa mkono wangu, ulioila sentimita kumi. Mimi nilikuwa nimeachwa, lakini mkono ulikuwa bado mke wake.

Mbao nyingine hazikuwapo. Ijumaa asubuhi nilikuwa bado nauzunguka mlango ule mfupi nilipomsikia mume wangu wa zamani kwa mlio wa viatu. Alikuja na futi yake mpya ya kukunja mfukoni, amenyoa, ananukia rangi.

Akautazama mlango. Akaweka mikono kiunoni.

"Huu umevaa kaptula," akasema.

Mchomeleaji ng'ambo ya pili alizima moto wake ili asikie vizuri.

"Nimekuja kupima banda," akaendelea. "Tunataka kuweka makopo ya rangi upande huu. Wewe maliza maliza, sina haraka. Kesho mchana si mbali." Akainama, akapitisha mkono chini ya mlango, na mkono ukapita wote. Alikuwa bado anacheka. Kisha kicheko kikakatika. Aliangalia nafasi ile. Akaangalia tepu juu ya meza. Akaangalia kidole changu.

"Ulianzia kumi," akasema, kwa sauti ya chini.

Duniani kuna mtu mmoja tu ambaye angeweza kuutazama mlango ule na kujua. Wengine wote wangesema mwanamke hajui kupima. Yeye alijua kwamba najua, na alijua nilijifunza kwa nani. Kwa muda mfupi tulikuwa wawili tena mle bandani. Hilo liliniuma kuliko kaptula.

"Toka," nikasema.

"Mimi nasema tu..."

"Toka. Banda hili hadi kesho mchana ni langu."

Akatoka. Nikaingia chumbani kwangu na msumeno. Kitanda chetu alikitengeneza yeye mwenyewe mwaka tuliooana, sita kwa sita, mbao ngumu. Ndiyo kazi yake nzuri kuliko zote, siwezi kumnyima hilo. Ubao wa miguuni ulikuwa mpana na mrefu. Nikaupima. Kwa ufito. Ukipasuliwa katikati kwa urefu, ulitosha vipande vinne, kila kimoja upana wa mlango. Msumeno wa bei moja ulilia kidogo kwenye mbao ile ngumu, lakini ulipita.

Kwa nini vinne, wakati milango mifupi ilikuwa miwili? Kwa sababu kiraka kwenye mlango mmoja ni kiraka, lakini kwenye milango yote ni mtindo. Nilivipigilia chini kwa nje, vishuke hadi karibu na sakafu, nikavichonga mgongo ili maji ya mvua yateleze. Kwa ndani nikajaza ile miwili mifupi kwa mabaki. Ile miwili mizuri nikaiwekea kibao juu ya mbao zake nzima. Nilimaliza Jumamosi jua likiwa bado halijapanda, nikatundika wa tatu na wa nne kwa kabari, bega na kidole cha mguu.

Mama Mwenye Nyumba alifika kabla ya mchana. Nyuma yake kidogo alisimama mume wangu wa zamani na mkokoteni wa makopo ya rangi. Alikuwa ameshaleta mzigo.

Mama akatazama milango. "Hivi vibao vya chini sikuagiza."

Ningeweza kusema ni vya mvua tu. Mama angeamini. "Milango miwili niliikata mifupi," nikasema. "Nilikosea kupima. Nikaongeza. Mvua nayo haitaingia."

"Alikosea kupima," akarudia yule mwenye mkokoteni. "Nilikwambia, mama. Huyu alikuwa ananishikia ubao tu."

"Nyamaza kwanza," akasema Mama. "Sijauliza umevaa nini mlango. Nimeuliza unafunga?" Akanigeukia. "Ingia ndani, funga. Mimi nitabisha."

Nikaingia chumba cha tatu, nikafunga. Haukukwaruza. Nikaweka kiganja kwenye mbao. Akabisha mara tatu, kwa nguvu za mtu mwenye nyumba. Kitasa hakikucheza.

"Nani?" nikauliza. Lilinitoka tu.

"Nani tena? Si mimi!" akajibu kwa nje. "Unamtegemea nani?"

Nikafungua. Nilimwona yeye nyuma, kwenye mkokoteni wake. Midomo yake ilikuwa imeanza kufunguka, kisha akaifunga, akatazama makopo.

Mama akajaribu yote minne, nje na ndani, akapitisha soli ya kiatu chini ya kila mmoja. Kisha akasema, "Mwenye banda ni huyu. Baba, geuza mkokoteni, unaziba njia, wapangaji wanakuja." Akageuza. Gurudumu moja lilikuwa linalia. Nililisikia hadi kona.

Wapangaji waliingia na magodoro, majiko na watoto. Mchana mzima nilisikia milango yangu ikifunguka na kufungwa, na kila mlango una sauti yake, nazijua zote nne. Mpangaji wa chumba cha pili alisema, "Vibao hivi vizuri, nani fundi?" Mchomeleaji akamjibu, "Yule pale, shemeji." Hakusema mke wa Fundi.

Jumapili nilikuwa sina kazi. Nikautazama mlango wa banda lenyewe, uliokuwa ukining'inia kwa bawaba moja tangu zamani, maana nyumba ya fundi haina mlango. Nikaushusha. Nikachimba nafasi mpya za bawaba, bawaba moja, noa, bawaba moja, noa. Nikaupandisha kwa kabari. Nikafunga kitasa kilichobaki kwenye vya Mama.

Kisha nikatoka nje, nikauvuta ukashika, nikabisha mara tatu. Haukutetemeka. Nikasimama pale kidogo, kwa mazoea tu, mkono ukiwa bado juu ya mbao.

Nikafungua, nikaingia, nikaning'iniza msumeno ukutani.